Hodi ya Pili

Jiwe la kwanza liliponyamaza, niliilaumu mashine. La pili liliponyamaza, nikamlaumu fundi umeme, maskini ya Mungu, ambaye siku hiyo hata mjini hakuwepo. Nilipofika la nne nikavua miwani, nikaifuta kwa pindo la kanga, nikaivaa tena. Skrini ilikuwa ileile. Hakuna kitu. Mama yangu wee!

Mashine yenyewe tunaiita Mpiga Hodi, na jina limeshaeleza kazi. Inalipiga jiwe mpigo mmoja wa nuru, ile nuru ambayo jicho haliioni, iliyo kati ya joto la jiko na mawimbi ya redio. Inasubiri kidogo. Inapiga mpigo wa pili. Halafu inanyamaza na kusikiliza. Jiwe tulivu la kweli likipigwa hodi ya kwanza, mtikisiko unapasuka vipande viwili, pacha wawili, kila mmoja akashika njia yake humo ndani. Hodi ya pili inawageuza. Wanarudi walikotoka, wanakutana, na wakikutana jiwe linaitikia. Mstari mmoja mwembamba unasimama kwenye skrini. Huo ndio mwangwi, na ndio uliokuwa umenikataa tangu asubuhi.

Ukipiga hodi moja tu, kama tulivyofanya miaka yote kabla ya mashine hii kuletwa, huwezi kujua lolote. Jiwe lenye pacha linakupa kilima kipana kwenye grafu. Jiwe chafu, lililovurugika ndani, nalo linakupa kilima kipana. Tena kizuri, laini, cha kubandika ukutani. Sisi wa Kituo cha Mawe Matulivu, hapa Tunduru, tulikuwa tunapokea mawe kwa kutazama kilima, na mimi, Somoe Mtalika, ndiye ninayeyapima.

Na haya si mawe ya pete. Kila moja ni dogo kama punje ya choroko, na linakaa ndani ya kitulizo, kile kidude cha nyuma ya sikio wanachovaa watu wenye kifafa. Jiwe linajifunza jinsi dhoruba inavyoanza kwenye kichwa cha mtu yule mmoja, si mwingine, na likishaijua linaituliza kabla mwenyewe hajahisi. Kumbukumbu hiyo inakaa kati ya pacha wawili walio mbali, kwa hiyo homa haiwezi kuifuta, wala kugongwa kichwa, wala uzee. Ndivyo tulivyowaambia watu. Lakini jiwe lisilo na pacha linaiweka kumbukumbu kwenye uchafu wake, na uchafu unavuja polepole mpaka siku moja mtu anaanguka sokoni.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta mzee mmoja wa Namtumbo. Miaka mingi mzima wa afya, halafu akaanguka mara mbili wiki moja. Jiwe lake ndilo lile la kwanza lililoninyamazia. Hayo mengine niliyatoa kabatini, mapya kabisa, yakisubiri vichwa vya watu. Nikayapiga hodi yote. Hakuna hata moja lililoitikia.

*

Mkurugenzi wetu, Dakta Kihwili, si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yatakufanya umchukie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika tama.

"Ya kabatini tunayatupa," akasema. "Hilo halina mjadala. Swali ni yale yaliyomo vichwani."

"Tuwaambie wenyewe."

"Sawa, utawaambia. Halafu utawapa nini, Somoe? Jiwe gani?"

Jiwe la kweli hata moja sikuwa nalo.

"Labda haya mapya na lile la mzee ndiyo mabovu peke yake," akaendelea. "Labda ya zamani mengine ni mazima. Tukipiga hodi jiwe jingine la zamani, tutajua kama tuna wagonjwa wachache au mamia."

"Ukilipiga hodi linasahau kila kitu, Dakta. Unajua. Na kabla ya kulipiga huwezi kulitolea nakala. Kumbukumbu ya kwanta haina fotokopi."

"Najua."

"Mtu ataanza upya. Ataanguka miezi na miezi mpaka lijifunze tena. Na likiwa zima, tutakuwa tumemwangusha bure."

Akainuka, akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu ila kuku. "Kliniki ijayo tunachukua jiwe la mgonjwa mmoja. Tunamwambia linasafishwa. Likiwa zima tunamrudishia, akianguka tunamwambia ni marekebisho. Mmoja tu, Somoe, kwa faida ya wote. Tutachagua mtu ambaye kazi yake si ya hatari."

Ningependa kukwambia kwamba nilisimama palepale nikamkatalia. Sikusimama. Nilichowaza kwanza, wallahi, ni kwamba huyo mmoja asiwe Kazembe. Hasira zilinijia baadaye, nikiwa njiani, na zilikuwa hasira za kujiona mimi mwenyewe.

*

Kazembe ni mdogo wangu, na ni refa. Huko kwa wenzetu mpira unachezeshwa na macho ya mashine yaliyofungwa kwenye nguzo, hayakosei hata kidole. Tunduru waliyafunga, wakacheza mechi chache, wakayang'oa. Watu walilalamika kwamba hakuna wa kutukana. Ndipo Kazembe akapata kazi.

Nilimkuta uwanjani akikimbia peke yake, kinyumenyume, kama wanavyokimbia marefa.

"Dada! Umekuja kujifunza kuotea?"

"Kaa chini kwanza."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaa."

Akakaa kwenye nyasi, akakunja mikono ya jezi. Kovu lake la mkono wa kushoto likaonekana, lile linaloanzia kwenye kifundo mpaka kiwiko. Wiki moja kabla hajapata kitulizo aliangukia jikoni, mkono ndani ya moto, na waliokuwepo walikimbia. Hawakukimbia moto. Walikimbia povu la mdomoni mwake, maana watu wetu waliamini ukiguswa nalo nawe unaanguka. Mimi na Shangazi Tabia ndio tuliomtoa. Tangu apate lile jiwe hajaanguka hata siku moja, na wachezaji wanaomtukana kila Jumapili hawajui kwamba aliwahi kuanguka.

Nikamweleza yote. Mawe, mwangwi, mzee wa Namtumbo, na mpango wa Dakta Kihwili. Alisikiliza huku akichezea filimbi.

"Kwa hiyo mmoja wetu atapigwa hodi bila kuambiwa."

"Ndivyo anavyotaka."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Nikatazama goli. "Sikujibu."

"Dada Somoe." Akaacha kutabasamu. "Pima langu."

"Sitaki."

"Ni la zamani. Ndilo mnalolitaka."

"Kazembe, ukianza kuanguka tena utaanguka hapa, mbele ya hawa. Utapoteza kazi. Unakumbuka watu walivyokuwa?"

"Nakumbuka kuliko wewe. Wewe ulikuwa umesimama, mimi nilikuwa chini." Akainuka, akajipangusa nyasi. "Sasa nikwambie kitu. Mkimchukulia mtu jiwe lake kwa uongo, basi mmemfanya kama wale waliokimbia. Mmemwona yuko chini mkamwacha hukohuko. Mimi nataka niulizwe. Haya, niulize."

"Nini?"

"Niulize, bwana! Kama watu."

Nikamgeukia. "Kazembe Mtalika, unakubali tulipige hodi jiwe lako, ukijua litasahau kila kitu, na ukijua huenda ni zima?"

"Nakubali. Lakini Shangazi awepo. Na huyo Dakta wako awepo, anitazame usoni."

*

Shangazi Tabia alikuja amevaa kanga mpya, kana kwamba anakwenda kutoa posa. Yeye ndiye kiongozi wa ushirika wa wakata mawe. Kila jiwe tulivu la mji huu limepita mikononi mwake kabla ya kufika kwetu. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi, akaikodolea macho Mpiga Hodi.

"Hii ndiyo inayosema mawe yangu mabaya?"

"Haisemi hivyo, Shangazi. Inasema haijasikia."

"Basi izibuliwe masikio."

Hata Dakta Kihwili akacheka kidogo. Alikuwa amekaa pembeni. Nilipomwambia kwamba Kazembe amejitolea, na kwamba mgonjwa mwingine yeyote ataulizwa namna hiyohiyo la sivyo mimi natoka kazini, alisema, "Huyo ni ndugu yako." Nikamjibu kwamba ndiyo, wote ni ndugu wa mtu. Akaja.

Muuguzi akafungua kifuniko nyuma ya sikio la Kazembe, akatoa jiwe kwa koleo ndogo, akaniwekea kwenye kikombe. Nilikuwa sijaliona tangu siku lilipowekwa. Lilikuwa la kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Sikulitilia maanani. Nilitaka tumalize.

"Bado unaweza kukataa," nikamwambia.

"Dada, piga."

Nikapiga hodi ya kwanza. Mashine ikasubiri. Ikapiga ya pili. Tukasubiri sote, na mimi nilikuwa najiambia kimoyomoyo, nyamaza, nyamaza, uwe bovu, tulitupe, tulie pamoja na wengine.

Mstari ukasimama.

Ulikuwa mwembamba, mrefu, umenyooka katikati ya skrini, mstari niliousoma vitabuni tangu chuoni na sikuwahi kuuona kwa macho yangu. Mwangwi. Pacha walikuwa wamekwenda na wamerudi. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi niliweka mikono kichwani nikalia, kwa sauti, kama mtoto. Lilikuwa jiwe zima. Lilikuwa limemlinda miaka yote, lingemlinda mpaka kaburini, na mimi dada yake nilikuwa nimelifuta.

"Ni zuri?" Kazembe akauliza.

"Ni zima," nikasema. "Nisamehe. Ni zima kabisa."

Akapumua. Akanishika bega. "Basi ya zamani ni mazima. Watu wamepona, dada. Unalia nini?"

Dakta Kihwili alikuwa ameshasogea kwenye skrini. "Haiwezekani," akasema. "La mzee wa Namtumbo ni la mwaka huohuo, mto huohuo wa Muhuwesi. Kwa nini hili liitikie, lile lisiitikie?"

Shangazi Tabia akainuka, akachungulia kwenye kikombe. "Ala! Kumbe ni hili? Hili baya?"

"Baya vipi, Shangazi?"

"Si unaona rangi yake? Mimi na akili zangu siwezi kutoa jiwe hili likaenda kwa watu." Akaonekana kuona haya. "Jiwe likitoka mtoni ndivyo lilivyo, kama limeugua. Tunalichoma kwanza. Chungu, mkaa, pumba za mpunga, unaliacha mpaka asubuhi. Linageuka kijani, linang'aa, ndipo unalikata. Mawe yote tunachoma, tangu enzi za babu zetu waliouza ya vito. Mgonjwa naye ni mtu, atavaa kitu kibaya kichwani?"

Nikalitazama tena lile jiwe kikombeni.

Kulichoma. Bila shaka. Moto unazihamisha chembe za shaba zilizopangika ndani ya jiwe, unazichanganya ovyo, na pacha wanakosa njia ya kupita. Na mvurugiko huohuo unakifanya kilima kwenye grafu kiwe laini zaidi. Tuliwahi kuletewa mawe mawili matatu ambayo hayajachomwa, zamani, na bila shaka hili likiwemo, yakaonyesha kilima chenye makunyanzi, na sisi wa maabara, tena kwa barua rasmi, tukaomba tuletewe yale mazuri. Ushirika ulichoma kwa sababu ya uzuri wa jiwe. Maabara ikasifia kwa sababu ya uzuri wa grafu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Na hili hukulichoma kwa nini?" Dakta Kihwili akauliza, taratibu kabisa.

Shangazi hakumtazama yeye. Alimtazama Kazembe, na mkono wake.

"Wiki ile alikuwa ametoka motoni," akasema. "Nilijaribu kuwasha. Nikashindwa. Nikiona mkaa unashika, namwona yeye. Nikalikata hivyohivyo, na ubaya wake, nikasema Mungu atanisamehe, nitampa jingine zuri baadaye." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nikasahau kumpa."

Kazembe akamkumbatia, akaanza kucheka, na kicheko chake kikatuambukiza sote, hata muuguzi, hata mimi niliyekuwa nimelowa machozi. Siku hiyohiyo Shangazi alileta mawe mabichi ya mtoni, kahawia tupu. Nikayapiga hodi moja baada ya jingine. Yakaitikia.

*

Kuwaambia watu kulikuwa kazi ngumu kuliko fizikia yote. Dakta Kihwili alisimama mwenyewe mbele ya wagonjwa na familia zao, akapasua jipu: mawe mengi mliyopewa yanavuja, tulikosea sisi, haya hapa mapya, hayajachomwa, na yanahitaji muda wa kujifunza. Kila mtu atachagua lini abadilishe, au asibadilishe. Wengine walitutukana, na walikuwa na haki. Mama mmoja wa Nakapanya alivua kitulizo chake cha kijani kinachong'aa, akakiweka mezani mbele ya Shangazi Tabia. "Nipe libaya," akasema. "Libaya kuliko yote."

Kazembe alirudishiwa jiwe lake, likaanza upya, na alianguka miezi ile. Alianguka nyumbani, alianguka bafuni akapasuka nyusi, alianguka msibani. Vidonge vya zamani vilimpa usingizi. Kila alipoanguka jiwe lilijifunza kitu, na mimi niliona kwenye vipimo vyake jinsi dhoruba zilivyokuwa zinafupishwa, lakini jiwe halijifunzi kwa huruma ya dada. Nilikonda. Yeye akanenepa, kwa sababu ya kukaa bila kukimbia.

Daktari alipomruhusu kurudi uwanjani aliweka sharti moja, kwamba wachezaji waambiwe. Nilidhani Kazembe atakataa. Kabla ya mechi ya kwanza aliwaita wote katikati ya uwanja, Wachimba Mawe na Korosho Rangers, akawasimulia mwenyewe. Mimi nilikuwa jukwaani na Shangazi na muuguzi wa kituo, nikasikia kila neno.

"Mimi nina kifafa. Jiwe langu bado linajifunza. Nikianguka, msinishike kwa nguvu, msinitie kitu mdomoni. Nilazeni ubavu, mningoje. Povu langu haliambukizi. Anayeogopa aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Saidi Nyenje, nahodha wa Korosho, mtu anayemtukana kuliko wote, alikuwa anatazama viatu vyake.

Kipindi cha pili, mpira ukiwa kwenye boksi la Korosho, watu wamerundikana, Kazembe alisimama ghafla. Filimbi ikamtoka mdomoni. Nikajua kabla hajafika chini. Nilianza kukimbia, Shangazi nyuma yangu akiita jina la Mungu, na uwanja ulikuwa mrefu ajabu. Nilikuwa naangalia miguu ya wale vijana. Nilikuwa nasubiri ikimbie.

Haikukimbia. Nyenje alikuwa ameshapiga magoti. Alivua jezi, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha mdogo wangu, akamgeuza ubavu taratibu. Povu likamgusa mkono, akalifuta kwenye bukta yake, akabaki hapohapo. "Mpisheni hewa!" akawafokea wenzake. Walikuwa wamezunguka, timu zote mbili, migongo nje, wakimkinga na macho ya watu.

Ilikuwa fupi. Nilipofika ilikuwa imekwisha. Nikachungulia taa ya kitulizo: ilikuwa inapepesa, jiwe linaandika. Tukamkalisha kivulini, akanywa maji, muuguzi akamuuliza jina lake, siku, na nani yuko madarakani wilayani. Akajibu yote, la mwisho kwa tusi dogo. Akapumzika mpaka macho yakatulia, muuguzi akamkubalia, akaomba filimbi.

"Mwingine anaweza kumalizia, refa," Nyenje akamwambia, kifua wazi bado. "Pumzika."

"Mpira ulikuwa wapi nilipoanguka?"

"Aah, achana na mpira sasa."

"Nyenje. Ulikuwa wapi?"

Nyenje akainama kufunga kamba za kiatu.

"Ulikuwa mkononi mwako," Kazembe akasema. "Ndani ya boksi. Nilikuona kabla sijaanguka."

Akapuliza filimbi, akaonyesha doa la penalti.

Uwanja mzima ukalipuka. Wakamtukana yeye, wakamtukana na aliyemfundisha sheria, wakasema ni kipofu, wakasema amekula rushwa ya korosho kisha akawasaliti wenye korosho. Nyenje ndiye aliyefoka kuliko wote, mishipa ya shingo imemsimama. Shangazi Tabia akanishika mkono, tukasimama pale pembeni ya mstari tukilia na kucheka. Kazembe akaupokea mpira, akaufuta vumbi kwa kiganja, akauweka kwenye doa.